Nguvu ya reli ya ngazi iko ndani ya shimo

Reli ya ngazi ikianza kucheza, lawama humwendea fundi wa kuchomelea. Watu huangalia unene wa bomba, hugonga maungio, huikwaruza rangi kwa ukucha, kisha husema chuma kilikuwa chepesi. Mara nyingi chuma hakina kosa. Bomba la inchi mbili lenye ukuta wa milimita tatu halipindi kwa sababu ya mtu mmoja kuliegemea. Kinachoshindwa ni zile sentimita kumi za chini, pale nguzo inapokutana na kidato, na zaidi ni kile kisichoonekana kabisa: shimo lililotobolewa kwenye zege na namna bolti ilivyokaa humo.

Moshi na Arusha jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Nyumba zetu nyingi zimekaa kwenye miteremko. Ukipanda Kibosho, Uru au Machame, au ukizunguka Njiro na Sakina, utaona vidato vya nje kila mahali, na siku hizi ghorofa moja juu limekuwa jambo la kawaida. Ngazi humwagwa zege mwanzoni, familia inahamia, na reli inaachwa hadi fedha ipatikane. Inaweza kupita miaka. Kisha bibi anateleza siku ya mvua, au Desemba inakaribia na wajukuu wanakuja nyumbani, na fundi anaitwa haraka. Kwa hiyo kazi kubwa ya mafundi wetu ni kufunga chuma kipya kwenye zege la zamani, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na kusimamisha nguzo kabla zege halijamwagwa.

Tuanze na mzigo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hukadiria chini. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka reli ihimili msukumo wa pauni 200, yaani kama kilo 90, mahali popote kwenye mkono wake wa juu. Huo si mzigo wa ajabu. Ni mtu mzima aliyejikwaa akaiangukia reli kwa bega. Sasa nguzo ina urefu wa sentimita 90, na kitako chake, kile kibamba cha chuma chenye matundu ya bolti, kwa kawaida kina upana wa sentimita 10. Msukumo ukija juu, nguzo inataka kulala. Ukingo mmoja wa kitako unagandamiza zege, na bolti za upande wa pili zinavutwa kwenda juu. Ni kanuni ile ile ya kung'oa msumari kwa nyundo ya makucha: mpini mrefu, kichwa kifupi, nguvu ndogo ya mkono inageuka kuwa kubwa kwenye msumari. Piga hesabu: kilo 90 mara sentimita 90, ugawe kwa sentimita 8 hivi zilizopo kati ya bolti inayovutwa na ukingo unaogandamizwa. Unapata zaidi kidogo ya tani moja. Kama bolti mbili zinagawana, kila moja inavutwa kwa nguvu ya kilo 500 na kitu.

Tani moja, kwa sababu ya mtu mmoja aliyeteleza. Hesabu hiyo ikikaa kichwani, mambo mengine yote yanaeleweka yenyewe.

Inaeleweka, kwa mfano, kwa nini upana wa kitako una maana kuliko unene wa bomba. Ukikifanya kitako kiwe sentimita 15 kuelekea ndani ya ngazi, ule umbali wa sentimita 8 unakuwa kama 12, na mvuto kwa kila bolti unashuka hadi kilo 340 hivi. Umepunguza theluthi nzima ya mzigo kwa kipande cha chuma ambacho fundi angekitupa kwenye mabaki. Kitako kiwe kinene pia. Kibamba cha milimita 3 au 4 kinajikunja chenyewe bolti zinapovutwa, na kikijikunja kinaongeza mvuto juu ya ule uliokuwepo. Milimita 8 ni kiwango cha heshima, na 10 ni bora zaidi.

Inaeleweka vilevile kwa nini idadi ya nguzo si suala la urembo. Viwango vya Uingereza huhesabu mzigo kwa mita: karibu kilo 37 kwa kila mita ya reli katika nyumba ya familia moja, na kama mara mbili yake pale wanapopita watu wengi. Nguzo zikiwa kila mita moja, kila nguzo inabeba mita moja. Ukizitenganisha mita mbili ili kuokoa bomba, kila kitako kinabeba maradufu, na zege halijui kwamba ulikuwa unabana matumizi. Mita moja hadi moja na robo inatosha. Na kama kichwa cha reli kinaweza kufika ukutani au kukunja kona kwenye kituo cha ngazi, ile sehemu bapa ya kupumzikia, kifunge hapo. Kona inaishikilia reli kuliko nguzo mbili za ziada.

Baada ya mzigo linakuja swali ambalo huulizwa mara chache, nalo kwangu ndilo la kwanza kabla hujanunua hata bolti moja: kidato hiki kimejengwa kwa nini?

Ngazi ya ndani ya ghorofa huwa ni zege lenye nondo, na hiyo ni habari njema. Lakini ngazi nyingi za nje huku kwetu si zege kamili. Fundi alijenga kuta mbili za pembeni kwa matofali au mawe, akajaza kifusi katikati, akashindilia, kisha akamwaga tabaka la zege la sentimita tano hadi kumi juu yake na kumalizia kwa niru. Ukiitazama ni ngazi ya zege. Ukiitoboa ni hadithi nyingine. Na mahali reli inapotakiwa kusimama, ukingoni, ndipo palipo na ule ukuta wa tofali uliofunikwa plasta.

Kujua si kazi ngumu. Gonga kidato kizima kwa nyundo ndogo kuanzia katikati kwenda ukingoni na usikilize. Zege zima linalia kwa sauti ya juu na kavu. Mahali penye uwazi, au niru iliyoachana na zege, panalia kama debe. Kisha toboa tundu dogo la majaribio, biti ya milimita 6, mahali ambapo kitako kitapafunika baadaye. Angalia unga unaotoka. Unga wa kijivu, laini, unaotoka kwa taratibu ile ile mwanzo hadi mwisho ni zege. Ukibadilika ghafla kuwa wa kahawia, au drili ikazama kwa mkupuo mmoja, umefika kwenye udongo, kifusi au tundu la tofali. Tundu hilo dogo litakuokoa na hasara kubwa.

Pima pia unene wa vile vilivyo juu. Niru inaweza kuwa sentimita tatu, terazo nayo hivyo hivyo, na kigae pamoja na saruji yake sentimita mbili hadi nne. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohesabika kama zege la kushikia bolti. Ukiambiwa bolti iingie sentimita 9, ni 9 za zege lenyewe, na niru ni nyongeza juu yake. Naamini reli nyingi zinazong'oka na kipande cha kigae kimening'inia kwenye kitako zimeng'oka kwa sababu hii: bolti ya sentimita 8 ilipita nne kwenye mapambo na nne tu kwenye zege.

Kidato kikionekana ni kifusi chenye ganda, msimamo wangu ni wazi. Usikitoboe. Hakuna bolti wala gundi ya kukigeuza kuwa zege. Chimba kando ya ngazi, nje ya ukingo wake, shimo la upana wa sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 60, chomelea vipande vya nondo vilivyopinda kwenye mguu wa nguzo, na umwagie zege. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, nenda chini zaidi. Nguzo inakuwa na msingi wake, ngazi inabaki na kazi yake ya kukanyagwa. Ni jasho zaidi, lakini vifaa vyake ni saruji, mchanga na kokoto, vitu ambavyo havina siri kwa fundi yeyote.

Tuseme zege lipo na ni zuri. Sasa suala ni umbali kutoka ukingoni, na hapa pana jambo ambalo halionekani kwa macho. Bolti ikivutwa hadi zege lishindwe, haitoki peke yake kama kizibo. Inatoka na pande la zege lenye umbo la pia, ncha chini, mdomo mpana juu. Upana wa mdomo huo, kutoka kwenye bolti hadi ukingo wa pande, ni kama mara moja na nusu ya kina. Bolti iliyozama sentimita 9 inategemea zege la sentimita 13 na nusu kila upande wake. Ukiiweka sentimita 5 kutoka ukingo wa kidato, sehemu kubwa ya zege ambalo lingeishikilia haipo, ni hewa. Kwa upande mwingine, kina kinalipa kuliko watu wanavyodhani: ukiongeza kina mara mbili, nguvu ya zege inaongezeka karibu mara tatu. Sentimita chache za kutoboa zaidi ndiyo nyongeza rahisi kuliko zote katika kazi hii.

Mtu akisukuma reli kwenda nje, kwenye uwazi, bolti zinazovutwa ni zile za ndani, zilizo mbali na ukingo. Akiivuta kuja kwake, kama anavyofanya mzee anayejipandisha, zinavutwa zile za nje. Ndiyo maana kitako kirefu kinachoelekea ndani kinasaidia mara mbili: kinapanua ule umbali wa sentimita 8, na kinazipeleka bolti za kazi nzito mahali zege linapojitosheleza. Kinachopotea ni sentimita chache za nafasi ya kupita. Kwenye ngazi ya upana wa mita moja ningezitoa bila kusita.

Wengine huifunga reli ubavuni mwa ngazi badala ya juu. Maji hayakai kwenye kitako, na upana wa kupita unabaki wote. Lakini ubavu wa slabu (bamba la zege la ngazi) ya sentimita 15 unakupa sentimita 7 na nusu tu juu na chini ya bolti, hata ukitoboa katikati kabisa. Ubavuni gundi ya kemikali, nitakayoieleza mbele kidogo, ndiyo inayofaa, na bolti nyembamba zilizozama sana kuliko nene zilizo fupi.

Hapa ndipo tunafika kwenye mzozo wa mafundi: tindo, nondo, rolbolti au gundi?

Njia ya tindo ndiyo kongwe. Unachonga shimo, unasimamisha mguu wa nguzo, unajaza chokaa ya saruji. Wengi wanaidharau siku hizi, nami sikubaliani nao kabisa. Shimo likiwa na kina cha sentimita 12 hadi 15, kuta zake zikiwa zimekwaruzwa na kusafishwa, na saruji ya kujazia ikiwa ile isiyosinyaa inapokauka, nguzo inakaa imara. Tatizo ni kwamba kazi hii hufanywa kwa haraka. Shimo linakuwa la sentimita 5, saruji inachanganywa na maji mengi ili iteremke, inasinyaa ikikauka, na mwanya mwembamba kama unywele unabaki kuzunguka bomba. Mvua za Machi hadi Mei zinaingia humo. Na kuchonga kwa nyundo karibu na ukingo kunaweza kukata pembe ya kidato kabla hujafika popote.

Kuchomelea nguzo kwenye nondo za ngazi ni njia nyingine, nayo ningeikataa nyumbani kwangu. Fundi anabomoa zege hadi aone nondo, anachomelea, anaziba. Nondo za ngazi ya kawaida, ile inayokaa juu ya mihimili miwili, nyingi ziko chini ya slabu, mbali na uso wa kidato. Pembe tatu ya kidato chenyewe mara nyingi ina nondo chache au haina kabisa. Zile unazozikuta juu, karibu na kituo cha ngazi, ziko pale kwa kazi maalumu. Na kama vidato vimetokeza ukutani upande mmoja bila kushikwa upande wa pili, nondo za juu ndizo zinazovizuia visikatike. Kuzikata au kuzichoma kwa ajili ya reli ni kuuza nyumba ili ununue mlango. Ukitoboa na biti ikakutana na chuma, hama. Jaza shimo lile na ulisogeze jipya angalau sentimita chache kando.

Rolbolti inajulikana na kila duka la vifaa. Inaingia shimoni, ukikaza nati ganda lake linatanuka na kubana kuta. Ni ya haraka, unaipa kazi saa ile ile, na katikati ya sakafu nene ni nzuri sana. Lakini angalia inavyofanya kazi: inashika kwa kusukuma. Muda wote ikiwa imekazwa inatafuta kulipasua zege kutoka ndani. Ndani ya sakafu kubwa hakuna shida. Sentimita 6 kutoka ukingo wa kidato, kwenye zege lililochanganywa kwa koleo na maji ya kubahatisha, ni shida. Wakati mwingine ufa unatokea fundi akiwa bado na spana mkononi. Mbaya zaidi ni usipotokea siku hiyo. Pia tazama ukubwa wa shimo: rolbolti yenye ganda, ambayo bolti yake ni ya milimita 10, inahitaji shimo la milimita 16, na mashimo manne ya namna hiyo kwenye kitako cha sentimita 10 yanaacha zege kidogo sana kati yao.

Gundi ya kemikali haisukumi. Unatoboa shimo, unajaza gundi, unazamisha ufito wenye nyuzi za nati mwili mzima, na ikikauka inashikana na zege kwa urefu wote wa shimo. Ufito wa milimita 10 unaingia kwenye shimo la 12, kina cha sentimita 9. Wa milimita 12 unaingia kwenye shimo la 14, kina cha sentimita 11. Kwa vidato vyembamba vya zamani, hii ndiyo njia ninayoiamini. Bei ya mrija mmoja inashtua ukiilinganisha na rolbolti chache, ila mrija wa mililita 300 unatosha mashimo ishirini hivi ya milimita 14, yaani ngazi nzima ya nyumba ya kawaida. Ukigawa hivyo, hofu inapungua.

Lakini gundi ina sharti moja gumu: inashika kile inachokigusa. Ukiacha vumbi shimoni, inashikana na vumbi, na vumbi halijashikana na kitu. Shimo chafu linaweza kupoteza nusu ya nguvu au zaidi, na kwa nje huwezi kuona tofauti yoyote. Kwa hiyo toboa kwa drili ya nyundo, kisha puliza hadi chini kabisa kwa pampu au mpira mwembamba unaofika mwisho wa shimo, sugua kwa brashi ya waya inayolingana na tundu, puliza tena, sugua tena, puliza tena. Si kwa mdomo. Mate ni maji, na vumbi lote litakurudia machoni. Usilioshe kwa maji pia, maana gundi nyingi za bei nafuu hazipendi shimo lenye unyevu. Kama ni msimu wa mvua, funika ngazi kwa turubai siku mbili tatu kabla.

Mrija una sehemu mbili zinazochanganyika kwenye pua yake, hivyo yale ya kwanza yanayotoka hutupwa hadi rangi iwe moja. Ingiza pua hadi chini, jaza ukirudi nyuma taratibu, theluthi mbili za shimo, halafu zamisha ufito ukiuzungusha. Gundi kidogo ifurike juu. Isipofurika, kuna uwazi ndani. Baada ya hapo usiuguse. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye mrija kwa kufuata joto, na watu wa Arusha wausome kwa makini: asubuhi ya Julai, zege lililolala nje usiku kucha ni baridi kuliko hewa, na muda ulioandikwa kwa nyuzi 25 hauna maana kwa nyuzi 12. Angalia na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mrija uliokaa dirishani mwa duka ukipigwa na jua nisingeununua hata kwa nusu bei.

Kuna njia ya tano ambayo haisemwi sana: kutoboa hadi upande wa pili. Kwenye kituo cha ngazi chenye slabu ya sentimita 12 hadi 15, ambapo chini unafikika, unapitisha bolti na kuweka kibamba juu na kingine chini. Hakuna gundi wala cha kutanuka, zege limebanwa katikati ya vyuma viwili. Kibamba cha chini kinaonekana darini, basi kipake rangi. Kwa nguvu, hakuna kinachoishinda.

Sasa kosa moja ambalo linaharibu kazi nzuri yote hiyo, nalo linatokana na mazoea yetu ya kuchomelea reli papo hapo ngazini. Fundi anafunga vitako kwa gundi, gundi inakauka vizuri, kisha anaweka nguzo juu na kuichomelea. Joto la weldingi linashuka kwenye kibamba, linaingia kwenye bolti, na bolti inalipeleka moja kwa moja kwenye gundi. Gundi inaungua pale pale. Hakuna moshi wa kutosha kukuonya. Utaratibu sahihi ni kupanga kila kitu kikiwa kikavu: weka vitako na nguzo mahali pake, pima kwa pima maji, shika maungio kwa nukta ndogo ndogo tu za weldingi, kisha inyanyue reli yote, ukachomelee kamili chini au karakana, uipake rangi, uirudishe ndipo utie gundi. Reli ndefu igawanye vipande viwili vinavyoungana kwa bolti. Fundi akikuambia haiwezekani, muulize ni kitu gani hasa kisichowezekana, maana kinachoongezeka ni safari moja ya kubeba chuma.

Kama bomba lina zinki, sehemu ya kuchomelea isagwe kwanza kwa grainda hadi zinki iishe, na kazi ifanyike penye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka jioni ile ile. Baada ya weldingi, paka rangi ya zinki palipobaki wazi.

Kutu inastahili neno lake. Chuma kikigeuka kutu kinavimba, kinachukua nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya mwanzo, na kikiwa ndani ya zege uvimbe huo unalipasua. Ndiyo maana vidato vya zamani utaviona vimemeguka hasa pale mguu wa reli ulipoingia. Kitako kikae juu ya saruji laini isiyoacha uwazi, na ukingo wake uwe na mteremko mdogo wa kumwaga maji nje. Bolti ziwe na zinki nzito ya kuchovywa, ile ya kijivu isiyong'aa. Zile za manjano au za kung'aa zina utando mwembamba ambao mvua za mlimani huumaliza mapema. Na kwa waliopenda reli za stenlesi, ambazo zimejaa kwenye nyumba mpya za Arusha: bolti nazo ziwe za stenlesi. Bolti ya chuma cha kawaida iliyoguswa na stenlesi kwenye unyevu huliwa haraka kuliko ingekuwa peke yake, kwa sababu kipande kidogo kinabeba athari ya kipande kikubwa. Reli inabaki inang'aa wakati miguu yake inakwisha.

Urefu na nafasi ni mambo mafupi. Sentimita 90 juu ya pua ya kidato, yaani ukingo wake wa mbele, kwenye mteremko, mita moja au moja na kidogo kwenye kituo na baraza. Nafasi kati ya fito isipitishe mpira wa sentimita 10, kwa sababu mwili wa mtoto ukipita na kichwa kikagoma, hakuna muda wa kumwita fundi.

Kazi ikiisha, usiijaribu reli kwa kuitikisa juu na kusikiliza. Chuma chochote kirefu kinayumba kidogo, na huo si ubaya. Mwambie mtu mzima aiegemee kwa nyonga kwa nguvu, nje kisha ndani, wewe ukiwa umechuchumaa ukitazama kitako. Kitako hakitakiwi kupanda hata kidogo. Weka mstari wa rangi au kalamu unaopita juu ya nati na kibamba, ili ukija kutazama baada ya masika ya kwanza uone kama kuna kilichozunguka. Nati ya rolbolti ikilegea, kaza kwa kiasi na uangalie kama kuna ufa mpya ukingoni. Lakini ukikaza nati ya ufito wa gundi na ufito wenyewe ukazunguka pamoja nayo, acha spana hapo hapo. Gundi imeachia, na kukaza hakutairudisha. Funga kamba upande ule watu wasiuegemee, vuta ufito, jaza shimo, na utoboe jingine kwenye zege lisiloguswa, hata kama itabidi kitako kipya kikatwe kirefu zaidi ili kulifikia.